Ruvuma: Sheria na Sera za Mto wa Nchi Tatu

Mto Ruvuma unaanzia kwenye milima ya Matogoro, kando ya mji wa Songea. Huteremka kwanza kuelekea kusini, kisha hugeuka mashariki na kuwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji kwa zaidi ya kilomita 600, hadi unapoingia Bahari ya Hindi kusini mwa mji wa Mtwara. Bonde lake lina kilomita za mraba zaidi ya 150,000. Takriban theluthi mbili za bonde hilo ziko Msumbiji, theluthi moja iko Tanzania, na kipande kisichofika asilimia moja kiko Malawi, upande wa Ziwa Chiuta. Tawi lake kubwa kuliko yote, Lugenda, halitoki Tanzania: linaanzia Ziwa Amaramba, jirani na Chiuta, linakata jimbo la Niassa na kuungana na Ruvuma karibu na Negomano, si mbali na Daraja la Umoja lililofunguliwa pale Mtambaswala mwaka 2010.

Umbo hilo la bonde ndilo linaloipa sheria ya Ruvuma sura yake ya pekee. Katika mito mingi inayotumiwa na nchi zaidi ya moja kuna nchi iliyo juu na nchi iliyo chini, na mabishano huanzia hapo. Kwenye Nile, Tanzania iko juu na Misri iko chini kabisa. Kwenye Ruvuma hakuna mgawanyo wa namna hiyo. Mkulima wa mpunga wa Mahurunga, upande wa Mtwara, anapokea maji yaliyotoka Niassa. Mvuvi wa Palma, upande wa Msumbiji, anapokea maji yaliyopita Songea na Tunduru. Kila nchi iko juu ya mwenzake na kila nchi iko chini yake. Kwa hiyo sababu ya kutaka kupewa taarifa, na hofu ya kudhurika, ni zilezile kwa Dodoma na kwa Maputo. Ni nadra nchi mbili kukutana mezani zikiwa na masilahi yanayofanana kiasi hicho.

Mahali ambapo yote hayo hukutana ni mlangoni mwa mto. Kati ya Mahurunga na bahari, Ruvuma unagawanyika kuwa mikondo inayohama, mafungu ya mchanga na misitu ya mikoko. Maji ya bahari hupanda ndani ya mto wakati wa bamvua na kurudi nyuma kifuku kinapoleta mafuriko kutoka bara. Kamba wachanga hukulia kwenye maji hayo yaliyochanganyika, na mashamba ya mpunga ya bondeni hutegemea matope mapya ambayo mafuriko huyaacha. Maji yakipungua huko juu katika kiangazi, chumvi hupanda zaidi. Mchanga ukizuiwa njiani, fukwe na mafungu hukosa kinachoyajenga upya. Jambo lolote litakaloamuliwa Songea, Tunduru au Lichinga ya Niassa, mwisho wake utaonekana hapa, na hapa ndipo sheria zilizopo zina mwanya mkubwa kuliko kwingine kote mtoni.

Mto kama mpaka

Kabla ya kuwa chanzo cha maji machoni pa serikali, Ruvuma ulikuwa mstari kwenye ramani. Tarehe 30 Desemba 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kuwa makoloni yao yatengwe na mto huo, kuanzia mlangoni hadi unapoungana na mto Msinje, na kutoka hapo mstari uende moja kwa moja hadi Ziwa Nyasa. Mwaka 1894 Wajerumani walichukua Kionga, kipande cha pwani kilicho kusini mwa mlango wa mto. Kwa zaidi ya miaka 20 mlango wote wa Ruvuma, kingo zote mbili, ukawa chini ya mamlaka moja. Wareno waliiteka Kionga mwaka 1916, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaachiwa rasmi. Tangu hapo mto ni mpaka hadi unapofika baharini, na mlango wake umegawanyika.

Mpaka uliowekwa ndani ya mto una tabu yake, kwa kuwa mto haukai mahali pamoja. Ruvuma ya chini ni pana, ina kina kidogo na mchanga mwingi. Kifuku kimoja kikubwa chaweza kufungua mkondo mpya na kuuziba wa zamani, na kisiwa kilichokuwa karibu na ukingo wa kaskazini kikajikuta karibu na ule wa kusini. Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Tanganyika, na Ureno zililishughulikia tatizo hilo kwa barua walizobadilishana tarehe 11 Mei 1936 na 28 Desemba 1937. Barua hizo zilihusu namna mstari unavyopita mtoni na visiwa vilivyomo. Lakini ziliongeza jambo ambalo leo halitajwi sana: wakazi wa pande zote mbili walipewa haki ya kuchota maji, kuvua samaki na kuchukua mchanga wa chumvi kwa ajili ya kutengeneza chumvi, katika upana wote wa mto.

Kifungu hicho kinastahili kuangaliwa kwa makini. Kiliandikwa na watawala wawili wa kikoloni ambao hawakuwauliza Wamakonde, Wayao wala Wamakua chochote, hata hivyo kilitambua hali halisi ya maisha ya watu hao. Koo zilezile ziko ng'ambo zote mbili. Mtu analima huku na kuoa kule, na mtumbwi haukati mto katikati. Mkataba uliweka mpaka kwa ajili ya dola na ukauacha mto wazi kwa ajili ya watumiaji wake. Hati zilizofuata, zote zilizoandikwa na nchi huru, ni bora kwa mambo mengi, lakini kwa hili zimerudi nyuma: zinazungumza baina ya serikali na serikali, na mkazi wa ukingoni hatajwi kama mwenye haki ya upana wote wa mto.

Je, haki hiyo ya 1936 bado ina nguvu? Jibu linahitaji kuangalia msimamo wa Tanganyika juu ya mikataba iliyorithiwa. Baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuwa mikataba ambayo Uingereza iliifunga kwa niaba ya Tanganyika ingeendelea kwa miaka miwili tu, wakati ambapo nchi ingeamua ipi iendelee na ipi ife, isipokuwa ile ambayo sheria ya kimataifa yenyewe inaidumisha. Kwa msimamo huo, tarehe 4 Julai 1962 Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kuwa haifungwi na makubaliano ya maji ya Nile ya 1929. Kwa upande mwingine, mipaka ilibaki kama ilivyokuwa: Julai 1964, mjini Cairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha azimio la kuheshimu mipaka iliyokutwa wakati wa uhuru, na Tanganyika na Zanzibar, zilizokuwa zimekwisha kuungana, zilikuwa mstari wa mbele kulitetea.

Makubaliano ya 1936 na 1937 yana sehemu mbili: sehemu ya mpaka, ambayo haina shaka, na sehemu ya matumizi. Mkataba wa Vienna wa 1978 juu ya urithi wa mikataba unalinda mipaka katika Ibara ya 11, na katika Ibara ya 12 unalinda haki za matumizi zilizoambatana na ardhi yenyewe. Mwaka 1997, katika kesi ya Hungaria na Slovakia kuhusu mabwawa ya Gabčíkovo na Nagymaros kwenye mto Danube, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema kuwa Ibara hiyo ya 12 ni sehemu ya sheria ya mazoea, yaani inazifunga hata nchi zisizotia saini. Haki ya kuchota maji na kuvua, iliyotolewa kwa wakazi wa kingo na si kwa wafalme wala marais, inafanana sana na kile kinacholindwa na ibara hiyo. Ipo hoja nzito, basi, kwamba haki hiyo haikufa mwaka 1963 wala Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Lakini hoja nzito haimsaidii mvuvi anayesimamishwa na doria. Njia ya uhakika ni nchi hizi mbili kuiandika upya kwa maneno yao wenyewe.

Kwenye ghuba, mahali mto unapoishia, nchi hizi zimekwisha kufanya hivyo kwa upande wa mipaka. Mkataba uliotiwa saini Maputo mwezi Desemba 1988 ulichora mstari kufunga mdomo wa ghuba ya Ruvuma, kutoka Ras Mwambo upande wa Tanzania hadi rasi ya Suafo upande wa Msumbiji, na kuyagawa maji yaliyo ndani ya mstari huo. Kuanzia hapo mpaka unaendelea baharini hadi ukanda wa uchumi. Ni mkataba uliofanyika mapema na kwa utulivu, miaka mingi kabla ya gesi ya bahari kuu kuyafanya maji hayo kuwa na thamani kubwa, na kwa sababu hiyo hasa ulifanyika bila ugomvi. Ukilinganishwa na Ziwa Nyasa, ambako Tanzania na Malawi zimekuwa zikivutana tangu miaka ya 1960 juu ya mkataba wa 1890 unaotaja ufuko badala ya katikati ya ziwa, faida ya kuwahi inaonekana wazi.

Kanuni za mto wa pamoja

Kuhusu maji yenyewe, sheria kuu ni Itifaki ya Maji Shirikishi iliyorekebishwa ya Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC), iliyotiwa saini Windhoek tarehe 7 Agosti 2000 na kuanza kutumika Septemba 2003. Tanzania, Msumbiji na Malawi zote ni wanachama wa SADC, na kwa Ruvuma itifaki hii ina uzito zaidi kuliko Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mito ya Kimataifa. Mkataba huo ulipitishwa na Baraza Kuu tarehe 21 Mei 1997 kwa kura 103 dhidi ya 3, huku nchi 27, Tanzania ikiwa mojawapo, zikijizuia kupiga kura. Ukaanza kutumika mwaka 2014. Hata hivyo maudhui ya itifaki yalichotwa kwa sehemu kubwa kutoka humo, kwa hiyo kanuni za kimataifa zilifika Ruvuma kwa mlango wa kanda.

Kanuni hizo ni tatu. Ya kwanza ni matumizi ya haki na yenye busara. Maana yake si kugawana nusu kwa nusu. Kila nchi inaruhusiwa kutumia, na kipimo cha uhalali wa matumizi yake ni mambo mengi yanayopimwa pamoja: jiografia ya bonde, watu wanaoutegemea mto, matumizi yaliyokwisha kuwepo, na kama kuna njia nyingine ya kupata maji. Kwa Ruvuma kipimo hiki kina matokeo yasiyotarajiwa. Wingi wa maji unatoka Msumbiji, lakini bonde la Lugenda lina watu wachache na sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Niassa, yenye kilomita za mraba zipatazo 42,000. Uwanda wa Makonde upande wa Tanzania una watu wengi na hauna mito. Hesabu ya nani anatoa maji kiasi gani haitoshi kuamua nani apewe kiasi gani.

Kanuni ya pili inakataza kumsababishia mwenzako madhara makubwa. Neno "makubwa" lina kazi hapo: mto unaotumiwa hauwezi kubaki bila badiliko lolote, na sheria haidai hivyo.

Ya tatu, inayofaa zaidi kwa Ruvuma ya sasa, ni taarifa ya mapema. Nchi inayopanga kujenga kitu kinachoweza kumdhuru mwenzake inatakiwa kumwarifu kabla, ikiambatanisha takwimu na tathmini ya mazingira. Mwenzake ana miezi sita ya kuchunguza na kujibu, na muda huo unaweza kuongezwa. Ruvuma wenyewe haujazuiwa na bwawa kubwa lolote. Maporomoko ya Sunda yamekuwa yakitajwa katika mipango ya umeme, na skimu za umwagiliaji zimebuniwa kwa nyakati tofauti, lakini mto bado unatiririka karibu kama ulivyokuwa. Mito ambayo majirani walikaa mezani kabla ya zege kumwagwa ni michache Afrika. Kwenye Nile na kwingineko mazungumzo yalianza wakati tayari kuna mwenye bwawa na asiye nalo. Nafasi ambayo Ruvuma unayo leo itapotea siku bwawa la kwanza litakapoanza kujengwa bila taarifa.

Itifaki ya SADC ina kifungu kimoja zaidi ambacho watu wa Mtwara wangepaswa kukijua. Ibara ya 4 inazitaka nchi kuchukua hatua zote zinazohitajika kulinda mazingira ya majini, na inataja milango ya mito kwa jina. Kwa hiyo mikoko na kamba wa mlango wa Ruvuma si suala la hisani wala la hifadhi za bahari peke yake. Ni wajibu wa kisheria wa kila nchi inayochukua maji huko juu, Malawi ikiwamo.

Sheria za ndani na tume ya pamoja

Nchini Tanzania, Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka mpangilio ambao Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 iliupa nguvu. Maji yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mahitaji ya msingi ya binadamu yanatangulia, yanafuatiwa na maji yanayohitajika kulinda mazingira, na baada ya hapo ndipo yanapokuja umwagiliaji, viwanda na umeme. Nchi imegawanywa katika mabonde tisa. Ruvuma uko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao Mtwara, ambayo pia inasimamia Lukuledi, Mbwemkuru, Mavuji na Matandu. Bodi hutoa vibali vya kutumia maji, hupima mito na kulinda vidakio. Anayechota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hahitaji kibali. Anayefunga pampu, anayechepusha mto au kujenga bwawa anakihitaji.

Msumbiji ina Sheria ya Maji Na. 16 ya 1991, inayofanana na ya Tanzania kwa kiasi cha kuridhisha: maji ni ya dola, matumizi ya kawaida ya nyumbani ni bure, matumizi makubwa yanahitaji leseni au mkataba, na usimamizi umekabidhiwa kwa mamlaka za kanda. Kwa mito ya kaskazini mamlaka hiyo ni ARA-Norte. Malawi nayo ina Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2013.

Kufanana huko kwa sheria kunaficha tofauti moja ya kiutendaji. Bodi ya Mtwara inapotoa kibali inaangalia maji yaliyopo kwenye ukingo wake na waombaji walioko kwenye ukingo wake. ARA-Norte inafanya vivyo hivyo ng'ambo. Vibali viwili vinaweza kutolewa juu ya maji yaleyale, kila kimoja halali kabisa katika nchi yake. Hakuna daftari moja la vibali vya Ruvuma, na pasipo daftari hilo kanuni ya matumizi ya haki haina pa kusimamia.

Chombo kilichokusudiwa kuziba pengo hilo ni Tume ya Pamoja ya Maji ya Bonde la Ruvuma, iliyoundwa na Tanzania na Msumbiji mwaka 2006. Tume ni jukwaa la ushauri: inakutanisha wataalamu na viongozi, inapendekeza mipango, na uamuzi unabaki kwa serikali. Malawi haikuwamo katika makubaliano yaliyoiunda. Kwa ukubwa wa ardhi yake hilo linaonekana jambo dogo, lakini Chiuta na Amaramba ni mwanzo wa Lugenda, na Lugenda ndio tawi kubwa kuliko yote. Tatizo zito zaidi ni kwamba tume ya aina hii ina nguvu kulingana na wataalamu na bajeti inayopewa. Bonde la Songwe, mto mdogo sana ukilinganishwa na Ruvuma, lilipata mwaka 2017 mkataba kati ya Tanzania na Malawi ulioanzisha kamisheni yenye watendaji wake. Ruvuma, wenye bonde kubwa mara nyingi zaidi, unastahili chombo kisichopungua hicho.

Mlango usio na mwenyewe

Katika eneo la mlango, mto unavuka kutoka mikononi mwa wizara moja kwenda nyingine. Mwaka 2000 Tanzania ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994. Hifadhi hiyo inabeba jina la mto, lakini mamlaka yake yanaishia kwenye eneo lake. Inaweza kumzuia mvuvi wa Msimbati kutumia nyavu za macho madogo au baruti. Haiwezi kusema neno juu ya pampu iliyofungwa kilomita 300 huko juu, wala juu ya matope yanayotokana na uchimbaji wa vito katika mto Muhuwesi, Tunduru, ulioanza kwa kishindo miaka ya 1990. Misitu ya mikoko iko chini ya wakala wa misitu. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ina sheria zake za petroli. Mpaka uko chini ya vyombo vya ulinzi. Ng'ambo ya mto hifadhi hiyo haina mwenzake aliyeshikana nayo, ingawa mikoko na kamba ni walewale.

Matokeo yake yanabebwa na vijiji. Mkazi wa Mahurunga au Kitunguli anaambiwa na ofisi moja asikate mikoko, na nyingine asilime ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inavyotaka, na nyingine asivuke bila hati. Kila agizo lina sababu nzuri. Lakini hakuna ofisi hata moja inayoweza kumjibu akiuliza kwa nini chumvi imeingia katika shamba lake la mpunga, kwa kuwa jibu linategemea kiasi cha maji yanayofika mlangoni, na hakuna sheria iliyotaja kiasi hicho. Sheria ya 2009 inatambua maji ya mazingira, itifaki inataja milango ya mito. Kinachokosekana ni namba. Mita ngapi za ujazo zifike Mahurunga mwezi Oktoba, kiangazi kikiwa kimekaza? Namba hiyo ikikubaliwa na nchi tatu, kila kibali kitakachotolewa huko juu kitakuwa na kitu cha kupimwa nacho.

Swali hilo halihusu kamba na mikoko tu. Uwanda wa Makonde, wenye Newala na Tandahimba, umekaa juu ya mchanga unaonyonya mvua. Maji hutokea chini kabisa kwenye miteremko. Vizazi vya wanawake vimeshuka kwenda mabondeni na kupanda na maji kichwani. Mradi wa maji Makonde, ulioanza miaka ya 1950 kwa kusukuma maji kutoka Mitema, ulikuwa kati ya miradi mikubwa ya maji vijijini ya wakati wake, na gharama ya nishati ya kuyapandisha maji hayo imekuwa mzigo wake tangu hapo. Mji wa Mtwara Mikindani hutegemea visima, na wazo la kuvuta maji ya Ruvuma hadi mjini limekuwa katika mipango ya serikali kwa miaka mingi. Kwa kipaumbele cha sheria za nchi zote mbili, maji ya kunywa ya mji hayana mshindani, na kiasi chake ni kidogo mbele ya mto mkubwa hivyo. Hata hivyo mradi kama huo unaangukia katika kanuni ya taarifa ya mapema. Ungekuwa mfano mzuri wa kwanza: mradi ambao Msumbiji haina sababu ya kuukataa, unaowasilishwa kwa utaratibu kamili, ili utaratibu huo uwe umezoeleka siku utakapokuja mradi wenye utata.

Takwimu, mafuriko na usalama

Taarifa ya mapema ina sura nyingine, ya siku kwa siku. Mafuriko ya Ruvuma hujengeka bara siku kadhaa kabla ya kufika kwenye mashamba ya chini. Kipimo cha maji kwenye Lugenda, kikisomwa na kutumwa kwa simu Mtwara, kingewapa wakulima wa pande zote mbili muda wa kuvuna kilichokomaa na kuhamisha vyombo. Pwani hii pia inafikiwa na vimbunga: kimoja kiliipiga kusini mwa Tanganyika Aprili 1952, na Aprili 2019 Kenneth kiliingia nchi kavu Cabo Delgado, kusini ya mpaka. Itifaki ya SADC inazitaka nchi kubadilishana takwimu mara kwa mara. Kati ya wajibu wote uliomo, huu ndio wa bei nafuu, na ndio ambao haumnyimi yeyote tone la maji.

Tangu Oktoba 2017, mapigano yalipoanza Mocímboa da Praia, upande wa Msumbiji, mto umetazamwa kwa jicho la usalama kwanza. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wa Mtwara, kilishambuliwa. Machi 2021 Palma ilivamiwa na maelfu ya watu wakakimbia. Kuimarishwa kwa doria hakukuepukika. Lakini vituo vya kupimia maji visivyofikika havisomwi, na uvukaji wa kila siku, uliokuwa msingi wa haki ile ya 1936, umekuwa jambo la kutiliwa shaka. Sera ya maji haiwezi kuondoa hatari hiyo. Inaweza kuweka utaratibu unaotambulika wa wavuvi na wakulima wa mpakani, wenye vitambulisho vinavyokubaliwa na kingo zote mbili, ili doria ijue nani ana haki ya kuwa mtoni.

Ugomvi ukitokea

Itifaki inazitaka nchi kumaliza tofauti zao kwa maelewano, na zikishindwa, kwenda kwenye Mahakama ya SADC. Mahakama hiyo ilikuwa Windhoek. Mwaka 2010 shughuli zake zilisimamishwa na wakuu wa nchi baada ya hukumu zake dhidi ya Zimbabwe katika kesi za ardhi, na haijarudi kufanya kazi. Ibara ya migogoro inaelekeza, basi, kwenye mlango uliofungwa, na pengo hilo halihusu Ruvuma tu bali kila mto wa kanda hii.

Kinachobaki ni Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na huko Tanzania na Msumbiji zitafika kwa ridhaa ya zote mbili. Botswana na Namibia zilifanya hivyo kwa makubaliano maalumu ya 1996 kuhusu kisiwa cha Kasikili, ambacho Botswana hukiita Sedudu, katika mto Chobe. Mkataba wa 1890 ulitaja mkondo mkuu bila kusema ni upi kati ya miwili inayokizunguka kisiwa. Tarehe 13 Desemba 1999 mahakama ilipima kina, upana na wingi wa maji, ikaamua kuwa mkondo wa kaskazini ndio mkuu na kisiwa ni cha Botswana. Katika hukumu hiyohiyo ilisema raia na vyombo vya nchi zote mbili watendewe sawa katika mikondo yote miwili. Tanzania na Msumbiji hazihitaji kesi ili kufika hapo. Zinahitaji vipimo vya mikondo ya Ruvuma ya chini vinavyofanywa kwa pamoja kila baada ya kifuku, na kifungu kimoja katika makubaliano ya tume yao kinachosema kuwa, popote mkondo utakapohamia, mkazi wa ukingo wowote atachota na kuvua katika upana wote wa mto.